Kadi ya Kandambili: Uchambuzi wa Ziara Moja Katika Makumbusho Madogo ya Vitu vya Kawaida

Usuli

Kisa hiki kinahusu darasa la wanafunzi 14 wa ubunifu wa bidhaa na mwalimu wao, waliotembelea makumbusho madogo mno yaliyo katikati ya mji mkubwa. Mji, majina na alama nyingine za utambulisho nimeziondoa. Nilikuwepo kama mtazamaji, na baadaye nikazungumza na mwalimu, msimamizi wa makumbusho, na wale wanafunzi waliokubali kunieleza walivyoona.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja kilichokuwa stoo, mlango wake wa chuma ukitazama kichochoro. Ndani wanaenea watu watatu, wa nne akiingia hakuna anayeweza kugeuka. Ukutani kuna rafu zilizojaa vitu ambavyo kwa kawaida hutupwa: funguo ambazo kufuli zake zilishapotea, kikombe kilichogundishwa mpini, simu iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, tyubu ya dawa ya meno iliyopasuliwa kwa mkasi hadi mabaki ya mwisho yakatoka, risiti zilizokunjwa. Kila kitu kina kadi ndogo ya maelezo. Msimamizi ndiye mkusanyaji, ndiye mwandishi wa kadi, na jioni ndiye anayefagia.

Makumbusho ya namna hii yana wenzake duniani. New York, katika kichochoro cha Cortlandt, Mmuseumm ilifunguliwa mwaka 2012 ndani ya chumba kilichokuwa cha lifti ya mizigo. Miongoni mwa maonyesho yake lilikuwemo kabati la nguo nyeupe la bibi wa mmoja wa waanzilishi, na mwaka 2017 kabati hilo likaonyeshwa katika Metropolitan, jumba kubwa la sanaa la mji huohuo. Zagreb kuna makumbusho ya mapenzi yaliyovunjika. Yalianza mwaka 2006 kama maonyesho ya kuhamahama, yakapata makao ya kudumu mwaka 2010, na mwaka 2011 yakatunukiwa Tuzo ya Kenneth Hudson inayotolewa kwa makumbusho yanayothubutu. Humo mna shoka. Ukiliona dukani ni shoka tu. Ukisoma maneno ya mwenyewe, kwamba alilitumia kupasua samani za mpenzi aliyemwacha, kipande kimoja baada ya kingine, huwezi tena kulitazama kwa macho yaleyale.

Mwalimu alichagua mahali hapa kwa sababu mahususi. Wanafunzi wake walichora vizuri, lakini michoro yao haikuwa na mtumiaji ndani yake. "Mnachora viti ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia," aliwaambia kabla ya safari. Alitaka waone vitu vilivyochoka mikononi mwa watu.

Maandalizi na sababu zake

Mwalimu alifanya maamuzi matatu mapema. Kwanza, hakuwaonyesha picha wala kuwasimulia watakachokikuta, akitaka wapokee mshangao mzima. Pili, aliomba wasiongozwe. Msimamizi akae mlangoni na ajibu atakapoulizwa. Tatu, simu zibaki mifukoni, kwa kuwa alikwishawahi kuona wanafunzi wakipiga picha ya kitu na kuondoka bila kukitazama.

Kwa vile chumba ni kidogo, wangeingia watatu watatu na wengine wangesubiri kichochoroni. Waliosubiri hawakupangiwa la kufanya.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwanafunzi mmoja anatumia kiti cha magurudumu, na mwalimu alipiga simu kuuliza kama kuna ngazi. Akajibiwa hakuna. Jibu lilikuwa la kweli, maana ngazi kweli hazikuwepo. Kizingiti kilikuwepo.

Kilichotokea

Kundi la kwanza liliingia likatoka, dakika nne hazijatimia. "Ndiyo basi?" mmoja aliuliza, na hakuuliza kwa dharau, alishangaa kweli. Walikuwa wamezungusha macho kwenye rafu, wamecheka mbele ya tyubu ya dawa ya meno, wamesoma kadi mbili tatu. Kundi la pili likafanya vilevile.

Hapo mwalimu alisimamisha ziara na kubadili utaratibu. Kila atakayeingia achague kitu kimoja tu, kadi yake ifunikwe kwa kipande cha karatasi, naye aandike anachokiona kwa macho na si kingine. Akimaliza ndipo afunue kadi, asome, kisha atie alama palipo na tofauti kati ya alichokiona na alichoambiwa. Makundi mawili ya mwanzo yangerudi mwishoni. Msimamizi alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kwamba hakuzoea kadi zake kufunikwa.

Hali ilibadilika mara moja. Mmoja alikaa na rundo la funguo mpaka akagundua kwamba ufunguo mmoja ulikwaruzwa herufi kwa msumari. Mwingine alitambua kwamba kikombe kiligundishwa mara mbili, kwa kuwa gundi ya zamani ilikwishageuka rangi ya kahawia na ya pili ilikuwa bado nyeupe.

Kisha akaingia mwanafunzi aliyechagua kandambili, jozi moja ya mpira iliyokatika na kukarabatiwa kwa waya. Aliandika kwa muda, akafunua kadi. Kadi ilisema: "Ubunifu wa mtaani. Mpira na waya. Uzuri wa kujitengenezea."

Alitoka nje, akasimama mbele ya wenzake na kusema: "Mama yangu alivaa hizi kwenda kazini. Hatukuwa tunabuni. Tulikuwa tumekosa." Alimgeukia msimamizi akamuuliza zilikuwa za nani. Msimamizi alijibu kwamba alikusudia kusifu. Mwanafunzi akarudia swali: za nani?

Uamuzi wa papo hapo

Mwalimu alinieleza baadaye kwamba aliona njia tatu. Angeweza kuendeleza zamu na kuuahirisha mjadala mpaka darasani, lakini angekuwa amemwonyesha mwanafunzi kwamba ratiba ina uzito kuliko swali lake. Angeweza kumtaka msimamizi aombe radhi, ila radhi ya kulazimishwa mbele ya kadamnasi ingefunga mdomo wa mtu waliyehitaji azungumze. Au angemwomba mwanafunzi awafafanulie wenzake maisha ya kwao, na hapo angemgeuza mtoto wa watu kuwa kitu kingine cha maonyesho.

Hakuchukua hata moja. Alimwomba msimamizi alete daftari la mapokezi, lile linaloandikwa kila kitu kilikotoka. Lililetwa. Mstari wa kandambili ulikuwa mfupi: zilinunuliwa katika soko la vitu vilivyotumika, jina la mwenyewe hakuna. Msimamizi aliusoma kwa sauti, tena hakujitetea. Nampa heshima yake kwa hilo, kwani kusoma mbele ya wageni mstari unaokuumbua si jambo jepesi.

Kisha mwalimu akamwomba mwanafunzi aandike kadi mpya yeye mwenyewe. Mwanafunzi alikataa: "Mimi si mwenye viatu, na kuwarekebishia si kazi yangu." Mwalimu aliheshimu jibu hilo na hakulishikilia zaidi.

Badala yake kandambili zilitolewa nje, zikawekwa juu ya kasha kichochoroni, na darasa zima likaambiwa liseme kile tu ambacho viatu vyenyewe vinaonyesha. Yule mwanafunzi aliambiwa yuko huru kukaa pembeni. Hakukaa pembeni. Yeye ndiye aliyeona mengi kuliko wote.

Walichokiona ni hiki. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje zaidi ya cha kulia. Waya zilikuwa za aina mbili, moja imeshika kutu na nyingine bado inang'aa, basi matengenezo hayakufanyika siku moja. Gidamu ya mguu wa kulia ilikuwa ya rangi nyingine, imetolewa kwenye jozi nyingine kabisa. Na pale waya ulipotokeza chini ya soli, ncha zake zilikunjwa kuelekea ndani na kubanwa kwa kipande cha plastiki ili zisichome wala zisikwaruze sakafu. Mwanafunzi ndiye aliyekigundua kipande hicho. Alikielekeza kidole bila kukigusa.

Matokeo

Wiki kadhaa baadaye kadi ilikuwa imebadilishwa. Sasa ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza kinachoonekana: waya mbili, kisigino, gidamu, kipande cha plastiki. Ya pili inasema mwenyewe hajulikani, na kwamba zilinunuliwa bila maelezo. Ya tatu, iliyoandikwa kwa herufi ndogo zaidi, inabeba dhana ya msimamizi na kutamka wazi kwamba ni dhana. Maneno "uzuri wa kujitengenezea" yameondoka.

Mwanafunzi hakuridhika, na hilo ni sehemu ya matokeo. Kwa maoni yake kitu cha mtu asiyejulikana, kinachoonyesha ukosefu wake, hakistahili kuwekwa rafuni hata kama kadi yake ina adabu. Msimamizi anaona kwamba kukiondoa ni kuwafuta watu hao mara ya pili. Nimewasikiliza wote wawili na sioni kama mjadala huo una mshindi, ila naona ni afya kwamba sasa wanajadiliana juu ya jambo moja.

Darasani matokeo yalikuwa mchanganyiko. Baadhi ya michoro ilibadilika kweli: mmoja alianza kuchora vitu vikiwa vimeshatumika miaka kadhaa, akijiuliza kitavunjika wapi kwanza na mtu atakitengenezaje. Wengine waliishia kuandika hadithi za kusikitisha kuhusu wamiliki waliowabuni vichwani, yaani walitenda kosa lilelile la kadi ya kwanza kwa maneno matamu zaidi. Makundi ya mwanzo yalirudi ndani kama yalivyoahidiwa, ila muda ulikuwa umekwisha na hawakupata zaidi ya kupitisha macho tena.

Uchambuzi: kilichofaa

Zile dakika nne za mwanzo zisitufanye tuwalaumu wanafunzi. Watafiti Jeffrey Smith na Lisa Smith walipima muda ambao wageni wa Metropolitan hutazama kazi moja ya sanaa, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba wastani ulikuwa sekunde 27.2, na kwamba muda wa kati, yaani ule ambao nusu ya wageni hawakuufikisha, ulikuwa sekunde 17 tu. Hizo ni kazi mashuhuri. Ikiwa mchoro wa bwana mkubwa unapata sekunde 17, tyubu tupu ya dawa ya meno itapata ngapi? Macho yetu yamefundishwa kukiruka kitu cha kawaida, na ndiyo maana kinatufaa nyumbani: hatulazimiki kukifikiria. Mtu akipelekwa mbele yake bila kazi ya kufanya atakiruka pia makumbushoni.

Ndiyo maana kufunika kadi kulifanya kazi. Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Harvard, huwataka wanafunzi wake wakae saa tatu mbele ya mchoro mmoja, na sababu yake ni kwamba mambo mengi yaliyo wazi machoni hayaonekani mpaka muda upite. Hapa haikuhitajika saa tatu. Dakika kumi na karatasi tupu zilitosha, kwa sababu kitu kilikuwa kidogo na swali lilikuwa moja. Udogo wa chumba, ambao mwanzoni ulionekana kikwazo, uligeuka msaada: mtu aliyesimama ndani hakuwa na pengine pa kukimbilia.

Uamuzi wa kuleta daftari ndio ninaouona bora kuliko yote ya siku hiyo. Swali la mwanafunzi lilikuwa la ushahidi, nalo likajibiwa kwa ushahidi, hata kama ulikuwa mchache. Kwa makumbusho ya vitu vya kawaida daftari lina thamani kuliko rafu. Chombo cha dhahabu hujisemea kidogo kwa madini yake na ufundi wake. Kandambili iliyotengana na habari za mwenyewe imepoteza karibu kila kitu. Risiti zilizokuwemo mlemle ndani zinathibitisha hilo. Risiti nyingi za madukani huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, hakuna wino, na maandishi hufifia kwa mwanga na joto. Mbili kati ya zile za rafuni zilikuwa zimebaki karibu nyeupe. Zilikuwa bado na maana kwa sababu moja tu: msimamizi alinakili yaliyomo kwa kalamu siku alipozipokea.

Kutomlazimisha mwanafunzi kuandika kadi nako kulifaa. Ni rahisi mno kumpa mtu aliyeumizwa kazi ya kurekebisha kilichomuumiza, kisha tukaita huo ushirikishwaji.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa la kadi ya kwanza linahitaji kutazamwa kwa makini, maana halikutokana na nia mbaya. Kadi ilichanganya sauti tatu: kinachosemwa na kitu, kinachosemwa na mtu aliyekitumia, na kinachokisiwa na mkusanyaji. Sauti ya tatu ilivaa nguo za ya pili. "Uzuri wa kujitengenezea" ni hisia ya mtu anayetazama viatu, na msomaji aliipokea kama habari ya aliyevivaa. Linganisha na lile shoka la Zagreb. Pale nguvu yote inatoka kwenye maneno ya mtoaji, aliyetoa kitu kwa hiari yake na kusimulia mwenyewe. Mgeni anaweza kumhukumu au kumcheka, lakini hawezi kusema kwamba amesemewa.

Mfano wenye uzito zaidi uko Cape Town. Mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa Wazungu pekee mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa, nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho ya mtaa huo yalifunguliwa mwaka 1994 katika jengo la kanisa la zamani. Yana mabango ya majina ya mitaa iliyobomolewa, na sakafuni kuna ramani ambayo waliohamishwa wameandika wenyewe mahali walipokuwa wakiishi. Ukitazama bango peke yake, ni bati lililopakwa rangi. Mtu anayeweka kidole kwenye ramani na kusema "hapa ndipo kwetu" ndiye anayelipa bango uzito wake. Nao mkutano wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho uliofanyika Prague mwaka 2022 ulipitisha maana mpya ya makumbusho, ambamo ushiriki wa jamii umetajwa waziwazi. Chumba chenye rafu chache hakina idara ya kutafuta wamiliki, najua, lakini kuuliza jina unaponunua kitu na kuandika jibu hakuhitaji idara. Hata "muuzaji hakujua" ni jibu linalostahili kuandikwa kwenye kadi, na si daftarini peke yake.

Uamuzi wa kutowatayarisha wanafunzi haukuzaa ulichotarajiwa kuzaa. Mshangao ulikuja, ukaisha palepale mlangoni. Wangeambiwa mapema jambo moja tu, kwamba watachagua kitu kimoja na kukikalia, makundi ya mwanzo yasingepoteza zamu yao. Kuwaacha wanaosubiri kichochoroni bila kazi kulikuwa na gharama yake pia: waliotoka waliwasimulia, na waliofuata waliingia wakiwa wameshajua wacheke wapi.

Lililobaki ni kizingiti. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu alifika mlangoni ikabainika kwamba hawezi kupita. Msimamizi, kwa moyo mwema, alimletea vitu nje juu ya sinia, kimoja kimoja. Wenzake walisema alipata nafasi bora kuliko wao, maana aliviona kwenye mwanga wa jua. Yeye alinieleza tofauti: "Wao walichagua. Mimi nilichaguliwa." Zoezi zima lilijengwa juu ya kuchagua, na yeye peke yake hakuchagua. Swali "kuna ngazi?" ni finyu mno. La kuuliza ni upana wa mlango kwa sentimita, kimo cha kizingiti, na kama kiti kinaweza kugeuka kikiwa ndani. Tena anayejua vipimo vya kiti ni mwenye kiti, hivyo yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kwa ziara ya darasa litakalofuata, mwalimu na msimamizi wamekubaliana mambo machache. Picha ya kila rafu na orodha ya vitu itatumwa kwa wanafunzi wote kabla, na kila mmoja atachagua chake akiwa bado darasani, hata kama mshangao utapungua. Makundi yatakuwa ya wawili. Wanaosubiri watatoa kitu kimoja mifukoni mwao wenyewe na kukiandikia kadi ya sehemu tatu. Ubao wa mteremko wa kuwekwa kwenye kizingiti umeagizwa. Upana wa mlango wa chuma haujapatiwa ufumbuzi, kwa kuwa jengo ni la kupanga na mwenye nyumba bado hajajibu barua.